Waya Unaopanda Mnara: Namna ya Kupeleka Umeme Juu Bila Kumpoteza Fundi

Mtu anayesafiri kutoka Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, huviona vitu virefu kabla hajaziona nyumba. Huona minara ya simu, matangi ya maji yaliyoinuliwa juu ya miguu ya chuma, na milingoti ya taa. Mjini Mbarara kwenyewe, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, majengo ya ghorofa yanazidi kuongezeka, nayo makanisa makubwa yamesimama tangu zamani juu ya vilima vya Ruharo na Nyamitanga. Kambi za askari na vituo vya polisi navyo vina matangi yao, milingoti ya redio, na taa kubwa za kumulika ua usiku. Karibu kila kimoja cha vitu hivi kina waya wa umeme unaopanda kutoka chini hadi juu.

Waya huo hausumbui mtu mpaka siku utakapokatika. Siku hiyo swichi ya boya iliyo ndani ya tangi haiiambii tena pampu kwamba maji yamekwisha, pampu hukaa kimya, na wa kwanza kupata habari si mkuu wa kambi bali ni mama aliye jikoni, ambaye amefungua bomba na kusikia upepo tu. Hapo ndipo mtu hutumwa apande. Mara nyingi anayetumwa ni kijana asiyeweza kukataa, au askari wa zamu aliyewahi kusema mbele ya wenzake kwamba umeme anaujua kidogo. Makala hii inamhusu yeye, pamoja na wale wanaomngojea nyumbani.

Inafaa ieleweke kwanza kwa nini kazi hii hailingani na kufunga taa ya sebuleni. Umeme wa majumbani nchini Uganda ni volti 240. Mtu akiguswa nao akiwa amesimama sakafuni, pengine atarusha mkono, atakaa kitako, atapewa maji, na siku itaendelea. (Pengine vilevile atakufa, tusidanganyane.) Lakini mtu aliye mita 12 juu ya ardhi hahitaji kuuawa na umeme. Mshtuko mdogo, ambao chini ungemfanya acheke na wenzake, huko juu hutosha kumfanya aiachie ngazi, na ardhi ndiyo inayomaliza kazi.

Kwa sababu hiyo, sheria ya kwanza inahusu swichi kuu. Bomba na waya huja baadaye. Swichi kuu huzimwa, hutiwa kufuli, na ufunguo wake hukaa mfukoni mwa yule yule anayepanda. Usikae kwa mkubwa wake, wala kwa mlinzi wa lango. Ikiwa ni fyuzi, fyuzi hung'olewa na kupanda pamoja naye. Palipo na jenereta inayojiwasha yenyewe umeme wa mjini unapokatika, kama ilivyo katika kambi na hospitali nyingi, jenereta hiyo nayo izimwe na kufungwa, la sivyo fundi atakuwa amejizimia umeme mmoja na kujiwashia mwingine. Kisha apime kwa testa mara tatu: kwanza mahali anapojua umeme upo, ili ajue testa ni nzima, pili kwenye waya anaodhani umekufa, na tatu arudi pale pa kwanza, ili ajue kwamba testa haikufa katikati ya safari. Askari hawatalishangaa jambo hili. Bunduki huhesabiwa kuwa ina risasi mpaka imefunguliwa na chemba imetazamwa kwa macho.

Sasa tuje kwenye bomba lenyewe, ambalo mafundi wa mjini huliita paipu. Kazi yake ni kuukinga waya dhidi ya jua, panya, mawe ya watoto na kusuguana na chuma cha mnara. Yako mabomba ya plastiki na yako ya chuma kilichopakwa zinki. Plastiki ni nyepesi, haipati kutu, na bei yake ni nafuu, kwa hiyo wengi huikimbilia. Ndani ya ukuta haina ubaya. Nje ya mnara, mbele ya jua la Isingiro, ni habari nyingine. Bomba la plastiki lenye urefu wa mita 10, likipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la alfajiri, hurefuka kwa sentimita 2 hivi, na usiku hurudi lilivyokuwa. Likiwa limebanwa kwa nguvu juu na chini, litajipinda kama nyoka, litang'oa vibanio, au litachomoka kwenye kiungo na kuuacha waya uchi. Atakayelitumia lazima aweke kiungo kinachoruhusu bomba kuteleza, na vibanio vilishike bila kulikaba. Chuma cha urefu huo hurefuka chini ya nusu sentimita. Kwa maoni yetu, mgongoni mwa mnara bomba la chuma ndilo lifaalo, hata kama mwenye fedha atanung'unika.

Vibanio visiwe mbali mbali. Kwa bomba la kawaida la milimita 20 au 25, vitabu vya ufundi vya Kiingereza, ambavyo ndivyo vilivyofuatwa tangu zamani katika nchi zetu, huruhusu nafasi ya karibu mita 2 kwa chuma kinachosimama wima, na pungufu kidogo kwa plastiki. Hayo ni ya ndani ya nyumba. Pale upepo unapopiga, fundi mwenye busara huweka kibanio kila mita 1. Bomba linapokatwa kwa msumeno huacha makali mdomoni, na makali hayo lazima yasagwe kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Ni kazi ya nusu dakika. Isipofanywa, ngozi ya waya huchunika wakati wa kuvutwa, na mchuniko huo hauonekani na mtu yeyote mpaka mvua ya kwanza.

Kona nazo ni adui. Desturi njema ni kwamba kati ya kisanduku kimoja cha kuvutia na kingine pasiwe na kona za mraba zaidi ya mbili. Bomba lisijazwe likasongwa; nyaya zichukue kama sehemu mbili kati ya tano za nafasi ya ndani, ili joto lipate pa kwenda na waya mmoja uweze kuvutwa siku za mbele bila kuharibu wenziwe. Wapo wanaopaka oili ya gari au grisi ili nyaya ziteleze. Mafuta hayo hulainisha na kuozesha ngozi ya waya. Poda ya kawaida hufaa zaidi, au mafuta maalumu ya kazi hiyo.

Ipo pia habari ya uzito, ambayo wafunga taa wa nyumba za chini hawajapata kuifikiria. Nyaya nne za shaba zenye unene wa milimita za mraba 16, zikining'inia mita 20, zina shaba peke yake ya zaidi ya kilo 11, mbali na ngozi zake. Uzito huo wote, usiposhikwa njiani, huvuta skrubu ndogo iliyo juu kabisa, usiku na mchana, mwaka hata mwaka. Skrubu hulegea, waya hupata joto, joto huzidi kulegeza, na siku moja cheche hutokea. Kwa hiyo katika bomba linalosimama wima huwekwa kisanduku kila baada ya mita 5 hivi, na ndani yake nyaya hubanwa ili kila kipande kibebe uzito wake tu. Wakati wa kuingiza, ni rahisi kuzishusha kutoka juu kuliko kuzivuta kutoka chini, lakini pawe na mtu wa kuzizuia juu. Nyaya zikishapata kasi ndani ya bomba hazimngojei mtu, na aliyejifunga waya mkononi huenda akavutwa nao.

Katika majengo ya ghorofa liko jambo zito zaidi, nalo ni matundu. Kila waya unapopenya sakafu huacha tundu, na tundu lisilozibwa hufanya kazi ya dohani. Mwaka 1975 dunia ilifundishwa jambo hili mara mbili. Tarehe 13 Februari moto uliwaka katika ghorofa ya 11 ya jengo la World Trade Center mjini New York, ukapanda na kushuka ghorofa kadhaa kwa kupitia matundu ya nyaya za simu yaliyokuwa wazi. Haikupita miezi miwili, tarehe 22 Machi, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, Alabama, mafundi walikuwa wakitafuta mahali panapopitisha hewa kandokando ya nyaya. Chombo chao cha kupimia kilikuwa mshumaa. Mwali ukavutwa na upepo, ukashika povu lililotumika kuziba tundu, na nyaya zaidi ya 1,600 zikaharibika kabla moto haujazimwa. Fundi wa Mbarara anayeziba tundu la sakafu kwa magazeti au kwa sponji ya godoro anarudia kosa lile lile. Tundu huzibwa kwa saruji au kwa kitu kingine kisichoungua, katika kila ghorofa, hata kama mwenye jengo amekwisha kupaka rangi.

Mbarara ina sababu yake ya kuyaangalia majengo kwa makini. Katika vita vya 1979, majeshi ya Tanzania yalipouteka mji huo mwezi wa Februari, sehemu yake kubwa ilivunjwa kwa mizinga na baruti. Mji umejengwa upya kipande kwa kipande, kila mtu kwa uwezo wake, na katika baadhi ya majengo mtu hukuta kuta za enzi mbili na nyaya za enzi mbili. Hapo ndipo rangi zinapokuwa mtego. Kwa desturi ya zamani ya Kiingereza, waya wa moto katika nyumba ulikuwa mwekundu, nyutro ilikuwa nyeusi, na ardhi ilikuwa ya kijani. Kwa desturi mpya waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni ya buluu, na ardhi ni ya kijani na njano. Mpaka hapo si vigumu. Lakini katika umeme wa nyaya tatu za moto, buluu ya zamani ilikuwa waya wa moto na leo ni nyutro. Nyeusi ya zamani ilikuwa nyutro na leo ni mmoja wa nyaya za moto. Fundi kijana aliyefundishwa rangi mpya, akipandishwa kwenye jengo la rangi za kale, anaweza kufuata somo lake kikamilifu na bado akashika kifo. Rangi haipimi umeme, na mahali pa enzi mbili ni testa tu inayoaminiwa.

Ikiwa bomba ni la chuma, nyaya zote za mzunguko mmoja, wa moto na nyutro yake, zipite katika bomba moja. Zikitenganishwa, kila moja katika chuma chake, bomba lenyewe hupata joto, na watu hutafuta kasoro mahali pasipo nayo. Tena bomba la chuma lazima liungwe na ardhi kutoka mwanzo hadi mwisho. Rangi iliyo kwenye viungo ikwanguliwe ili chuma kiguse chuma. Sisi tungependa pia waya wa ardhi upitishwe ndani yake, kwa maana kutu haitoi taarifa inapoanza. Bomba la chuma lisilo na ardhi ni hatari kuliko kutokuwa na bomba. Waya mmoja ukichunika ndani, mnara mzima huwa waya wa moto, nao watoto hupenda kuegemea miguu ya mnara kwa sababu ya kivuli chake.

Maji nayo yana ujanja wao. Mdomo wa juu wa bomba uinamishwe chini kama shingo ya bata, na waya ufanye kitanzi kidogo kabla ya kuingia, ili tone lidondoke pembeni. Hata hivyo bomba litatoa jasho ndani yake lenyewe, kwa baridi ya usiku. Dawa yake ni kitundu kidogo mahali pa chini kabisa, cha kutokea maji. Kisanduku kiwe na mpira wa kuziba, na kila tundu lisilotumika lifungwe, maana nyigu na mijusi hawahitaji hati ya kupangishwa.

Sasa twende Nakivale. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 na ni kati ya yale ya zamani kabisa barani Afrika. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 100,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda, na Kiswahili husikika sokoni kila siku. Nyumba nyingi hutegemea paneli ndogo za jua, na pampu za maji nazo zinaweza kuendeshwa kwa jua. Hapa fundi aliyejifunza umeme wa mjini lazima ajifunze upya. Paneli haina swichi ya kuizima; maadamu jua linawaka, umeme upo. Paneli kadhaa zikiunganishwa mkia kwa kichwa ili kuendesha pampu, volti zake hufika mamia. Tena umeme huo hautetemi kama wa mjini, kwa hiyo cheche yake ikishaanza huendelea kuungua badala ya kujizima. Swichi ya kawaida ya nyumbani haiwezi kuukata, itayeyuka mkononi. Itumike swichi iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa jua, na nyaya zinazoshuka kutoka juu zipite katika bomba lao peke yao, mbali na nyaya za mjini. Kuzishughulikia paneli zenyewe kunafaa alfajiri au baada ya jua kutua, au zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa kizito kisichopitisha mwanga.

Radi haifai kusahauliwa. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Wilaya ya Lamwo, watu 14 walikufa kwa pigo moja walipokuwa wamekusanyika kwa ibada chini ya paa la mabati. Mnara ndio unaopokea radi kabla ya nyumba. Bomba la nyaya halizuii radi, na waya wa kuishusha radi ardhini hauingii katika bomba la nyaya za taa hata kidogo. Una njia yake, iliyonyooka, isiyo na kona kali. Chini ardhini ndipo ardhi ya radi na ardhi ya umeme zinapounganishwa, ili moja isiirukie nyingine. Ngurumo ikisikika, fundi ashuke, hata kama imebaki skrubu moja, na asipande tena mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kwa miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, kazi hii ni ya asubuhi.

Kuhusu kupanda kwenyewe tutasema kwa kifupi, kwani askari wanajua kamba. Mkanda wa kiunoni peke yake haufai. Mtu akianguka nao huvunjika mgongo au huteleza akatoka. Unaofaa ni mkanda wa mwili mzima, wenye kamba mbili, ili moja iwe imeshika daima nyingine inapohamishwa. Ngazi ya kuegemeza iwe na mita 1 ya kitako kwa kila mita 4 za kimo, na karibu na nyaya isiwe ya chuma. Vifaa vipandishwe kwa kamba ndani ya mfuko, visibebwe mkononi. Wake na watoto wakae mbali na mguu wa mnara. Plaisi inayodondoka kutoka mita 15 haiulizi ni nani aliye chini.

Swali linalobaki ni la fedha, na hatutalipita kimya. Katika miji yetu mafundi wengi hulipwa kwa pointi, yaani kwa kila taa au soketi. Mnara wenye taa moja juu yake una pointi moja tu, ingawa una mita 20 za bomba, visanduku vinne na siku mbili za hatari. Anayelipwa kwa pointi moja ataruka vibanio na ataacha makali ya bomba, na aliyempa malipo hayo amemsaidia kuruka. Kazi ya mnara ipatanwe kwa mita na kwa siku, na mkanda wa usalama uwe juu ya mwenye kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Mkimbizi naye anaruhusiwa na sheria za Uganda kufanya kazi, kwa hiyo kijana wa Nakivale aliyejifunza ufundi hana sababu ya kupanda kwa malipo ya kuiba iba.

Vibali vya mafundi wa umeme hutolewa kwa madaraja na Mamlaka ya Kusimamia Umeme, iliyowekwa na Sheria ya Umeme ya 1999. Mwenye jengo aombe kukiona kibali kabla ngazi haijasimamishwa, wala asiridhike na jina la fundi pekee. Kabla ya kuunganishwa na mita hutakiwa hati ya fundi huyo kwamba kazi imepimwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, mkataba wa Umeme ulipokwisha, usambazaji umerudi mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL, na ndiko hati hiyo inakopelekwa.

Jambo la mwisho ni la kupangwa chini, kabla mtu hajapanda: ni nani atakayemshusha? Mtu aliyepigwa na umeme akabaki ananing'inia katika mkanda wake hawezi kungoja gari litoke Mbarara, mwendo wa kilomita 50 na zaidi. Kuning'inia bila kutikisa miguu kwa dakika chache tu huweza kumuua. Kwa hiyo pawe na mtu wa pili, aliyefunzwa, mwenye kamba na kapi vilivyokwisha kufungwa juu tayari; azime umeme kwanza, asimguse mwenziwe kabla ya hapo, amteremshe, na kama hapumui na moyo umesimama, aanze mara moja kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma, mpaka mganga afike.